Mwitu Ndani ya Sinia

Msafiri atokaye Lubumbashi kwa njia ya Kasenga mwanzoni mwa Septemba, baada ya miezi minne ya anga kavu isiyodondosha hata tone, wakati nyasi zimekwisha kuteketea kwa moto wa kiangazi na vumbi jekundu limetanda juu ya kila kitu, hukutana na ajabu ambayo wenyeji wameizoea hata hawaitazami tena: miti iliyokuwa uchi juma lililopita imevaa nguo nyekundu. Si maua hayo, ni majani machanga. Mengine yana rangi ya divai, mengine ya shaba iliyosuguliwa, mengine ya waridi lililofifia, na yote yamechomoza kabla ya mvua ya kwanza kunyesha, kana kwamba miti imepata habari ambazo mawingu bado hayajazitoa. Baada ya majuma mawili matatu wekundu huo hutoweka, msitu ukawa kijani kama misitu mingine, na aliyechelewa kuuona hana budi kungoja mwaka mzima. Hiyo ndiyo miombo, na mti unaoongoza kwa uzuri katika kundi hilo ni muputu, ambao watu wa pwani ya Kenya huuita mrihi na wanazuoni wa mimea huuita Brachystegia spiciformis.

Nimeanza na muputu, ilhali niliyokusudia kueleza ni sanaa ya Wajapani ya kupanda mwitu wa miti iitwayo momiji ndani ya sinia, kwa sababu sioni njia ya karibu zaidi ya mtu wa Katanga kuufahamu moyo wa sanaa hiyo kuliko wekundu huu ulio mlangoni pake. Katika mji wa Kyoto, kuanzia katikati ya Novemba hata mwanzo wa Desemba, watu huacha shughuli zao wakaenda milimani na kwenye mahekalu kutazama majani ya momiji yakigeuka mekundu kabla ya kuanguka, na desturi hiyo ina jina lake, momijigari, ambalo maana yake ni kuwinda momiji, ingawa mwindaji harudi na kitu mkononi. Rangi inayowavuta huko ni jamaa ya ile inayowaka kwenye njia ya Kasenga, kwani wakemia huziita zote mbili anthosiani. Tofauti ni kwamba momiji huitengeneza jani linapokaribia kufa, kijani kinapoyeyuka na kuondoka, na muputu huitengeneza jani linapozaliwa, kijani kikiwa bado hakijakamilika na jua la Septemba likiwa kali juu ya ngozi changa. Mjapani hulia na jani linaloaga, nasi, laiti tungetazama, tungefurahi na jani linalowasili.

Sanaa ya kukuza mti mdogo ndani ya chombo haikuzaliwa Japani, bali China. Katika kaburi la mwana wa mfalme Zhanghuai wa enzi ya Tang, lililojengwa mwaka 706, mna picha ukutani za watumishi wanaochukua mikononi vyombo vyenye mawe na miti midogo. Wajapani waliipokea sanaa hiyo, wakaipunguza madoido, wakaipa jina la bonsai, yaani kilichopandwa katika chombo kifupi. Na baada ya tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1923 kuuteketeza mji wa Tokyo, wakulima wa miti hii walihamia Omiya, penye ardhi na hewa njema, wakaanzisha mwaka 1925 kijiji chao ambacho hata leo ndicho Makka ya sanaa hii. Miongoni mwa mitindo yao mingi, ule wa kukusanya miti kadhaa katika sinia moja ili ionekane kama mwitu huitwa yose-ue, na kwa rai yangu ndio mtindo mpole kuliko yote kwa anayeanza, maana mti wenye kasoro ambao peke yake usingestahili kutazamwa, ukiwa kati ya wenzake kasoro yake huwa ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Uliokosa matawi upande mmoja hupandwa upande huo ukielekea kwa jirani, na uliorefuka kwa wembamba huwa kijana anayegombea nuru.

Momiji yenyewe ni mti wa Japani na nchi jirani. Mtaalamu wa Uswidi, Carl Peter Thunberg, aliyekaa Japani mwaka 1775 na 1776 akiwa tabibu wa Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, ndiye aliyeipa jina la kitaalamu Acer palmatum, ambalo lilichapishwa mwaka 1784, kwa kuwa jani lake hufanana na kiganja kilichokunjuliwa, chenye vidole vitano au saba. Wajapani nao walilifananisha na mkono wa chura, na jina lao la pili la jamii hii ya miti, kaede, limetokana na mfano huo. Sababu za kupendwa katika mwitu wa sinia ni nyingi: jani lake hukubali kupungua, matawi yake hutoka mawilimawili na kugawanyika tena na tena hata yakawa mithili ya lesi, gome lake hukaa laini, na linapopukutika lote wakati wa baridi, umbo la miti uchi juu ya sinia huwa zuri kuliko lilivyokuwa na majani. Liko jambo moja ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Momiji zilizooteshwa kwa mbegu hazilingani. Hii huamka mapema, ile huchelewa siku kumi, nyingine hupata wekundu na nyingine manjano, na sinia likawa na mabaka badala ya majira. Kwa hiyo mafundi huchukua miche yote kutoka mti mmoja, kwa vipandikizi au kwa kuotesha mizizi juu ya tawi lingali mtini, ili mwitu mzima uamke asubuhi moja. Ziko pia aina kama Deshojo, ambazo majani yake hutoka mekundu sana wakati wa kuchipua, na hizo naziona kuwa ndugu za muputu kwa tabia.

Sasa tuje kwenye kazi. Fundi hutafuta miti isiyo shufwa kwa hesabu, mitano, saba, tisa, kumi na mmoja, kwa sababu jicho hushindwa kuigawa katika mafungu mawili sawa. Ikipita kumi na mitano hesabu haina maana tena. Mmoja lazima uwe mkubwa kuliko yote, kwa urefu na kwa unene wa shina, na wa pili na wa tatu waufuate bila kuufikia. Sinia huwa pana na lenye kina kidogo sana, aghalabu sentimita tatu hadi tano, na urefu wa sentimita sitini au zaidi, na tundu za kutosha chini yake, kwani ufupi wa chombo ndio unaolifanya shina jembamba lionekane refu na uwanja uonekane mpana. Wakati wa kupanda momiji ni mwisho wa baridi, machipukizi yanapovimba lakini kabla hayajafunguka. Hapo mizizi hukubali kuchanwa kwa kijiti, ile minene iendayo chini ikakatwa, na ile myembamba iliyotanda kando ikaachwa, hata kila mti ukawa na mizizi bapa kama mkate wa kumimina.

Miti mifupi yenye mizizi iliyokatwa haisimami yenyewe. Hilo ndilo fumbo la kazi, na jawabu lake ni kufunga: nyuzi za waya hupitishwa katika tundu za sinia, au wavu wa vijiti vya mianzi huwekwa chini, na kila mti ukafungwa kwenye wavu huo hata usitikisike, kwa kuwa mzizi mpya ni mwembamba kama unywele na kila upepo unaolitikisa shina huukata. Mti mkubwa hupandwa kwanza, si katikati ya sinia bali karibu na theluthi moja ya urefu wake, upande wa kushoto au wa kulia; wa pili husogezwa karibu nao kuliko akili inavyoshauri, na kundi la tatu hukaa mbali, pakabaki kati yao uwazi ambao kwa hakika ndio unaoufanya mwitu kuwa mwitu. Miti mitatu isisimame katika mstari mmoja. Wala mti wowote usiufiche mwingine kwa mtazamaji aliye mbele. Wala nafasi mbili zisilingane. Ile midogo huenda pembeni na nyuma, na mashina ya pembeni huinama kidogo kuelekea nje, kama yanavyofanya kweli ukingoni mwa msitu yakitafuta jua. Matawi ya chini yanayoelekea ndani hukatwa, maana ndani ya msitu ni giza na matawi hayo yangalikuwa yamekufa zamani. Kisha udongo huinuliwa kidogo chini ya mti mkubwa na kuteremka kwa taratibu hadi ukingo wa sinia, ukafunikwa kuvumwani, na maji yakanyunyizwa mpaka yatoke chini yakiwa safi.

Baada ya hapo kazi hubadilika ikawa ya miaka. Momiji ikifungua jozi ya kwanza ya majani, ncha laini iliyo kati ya majani hayo mawili hunyofolewa kwa vidole kabla haijarefuka, siku kwa siku, tawi kwa tawi, na hicho kitendo kidogo ndicho kinachozaa lesi niliyoisema.

Upo mtindo mwingine wa kuupata mwitu, nao naupenda zaidi kwa hikima yake. Fundi huchukua mti mmoja wenye matawi upande mmoja tu, ule ambao mwingine angeutupa, akaulaza ubavuni juu ya udongo, akaupunguza gome upande wa chini ili utoe mizizi, na matawi yakabaki yamesimama wima. Miaka ikipita shina lililolala huzama udongoni na kila tawi likawa mti. Wajapani huuita ikadabuki, nasi twaweza kuuita mtindo wa chelezo, kwa sababu shina lile limelala kama gogo la chelezo na abiria wamesimama juu yake. Hapo hakuna shaka ya kulingana: mwitu wote una damu moja.

Mwitu wa sinia ulio mashuhuri kuliko yote haumo Japani. Umo Washington, katika bustani ya taifa ya miti ya Marekani, na jina lake ni Goshin, maana yake mlinzi wa roho. Aliyeutunga ni John Naka, mzaliwa wa Colorado mwenye asili ya Kijapani, aliyeanza mwaka 1948 na miti michache ya mreteni, akaikusanya kuwa mwitu mwaka 1964 baada ya kuona huko Japani kichaka cha miti mirefu kando ya hekalu, na idadi ikapanda hadi miti kumi na mmoja, kila mmoja kwa ajili ya mjukuu wake mmoja. Aliutoa hidaya mwaka 1984. Si momiji, ni kweli, lakini kila anayepanda momiji katika sinia huutazama Goshin kama mwanafunzi anavyoutazama mwandiko wa ustadhi wake.

Katika bustani hiyo hiyo kuna mti mwingine, msonobari mweupe ambao umekuwa katika chungu tangu mwaka 1625. Ulitolewa na bwana Masaru Yamaki mwaka 1976, naye hakueleza mengi, mpaka wajukuu zake walipokuja kuutazama mwaka 2001 ndipo wenye bustani walipojua kwamba mti huo ulikuwa katika bustani ya nyumba yake Hiroshima asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945, kiasi cha kilomita tatu kutoka mahali bomu lilipopasukia, na ukuta wa bustani ndio uliouokoa. Msomaji wa Katanga na asimame hapa kidogo. Urani iliyokuwa katika bomu lile, sehemu kubwa yake, ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika mgodi wa kampuni ya Union Minière, ikapelekwa Marekani, na mwaka 1942 ikauzwa kwa jeshi la nchi hiyo. Mawe yaliyotoka chini ya miombo yetu yalikwenda mpaka penye ukuta wa Yamaki. Sijui Mkatanga yeyote awezaye kuusoma mkasa wa msonobari ule kama mkasa wa wageni, nami nakiri kwamba tangu nilipoujua, bonsai imekoma machoni pangu kuwa pambo la nchi ya mbali.

Je, momiji yaweza kuishi Lubumbashi? Mji wetu uko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na kipupwe cha Juni na Julai kina usiku wa baridi ambao mgeni hautarajii katika Afrika. Walakini mchana wake hupanda hadi nyuzi 25, ilhali momiji hutaka majuma mengi ya baridi isiyokatika ili ilale usingizi wake kamili. Isiyolala huamka imechoka. Fauka ya hayo, Oktoba yetu, yenye jua kali na hewa kavu kabla ya mvua, huzichoma kingo za jani lake jembamba hata likajikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Mwenye kivuli kizuri na subira aweza kuitunza, wala simkatazi. Ila atakuwa akimtunza mgeni mgonjwa, na nje ya ua wake kuna mwenyeji mzima.

Vifaa, kwa upande mwingine, tunavyo kuliko wengi. Wajapani hutumia udongo wa volkano uitwao akadama, wenye punje ngumu zinazoshika maji na kupitisha hewa. Sisi hatuna volkano, tuna vichuguu, vile vilima vya mchwa ambavyo katika Haut-Katanga hupita mita tano kwa urefu, na udongo wake wa mfinyanzi ndio unaofyatuliwa matofali ya mji huu. Udongo wa kichuguu ukiwa mbichi haufai hata kidogo katika sinia: huganda, huziba, tena una chokaa nyingi, ndiyo maana juu ya kichuguu humea miti mingine kabisa na si muputu. Lakini tofali lililochomwa vizuri, likavunjwa, likachekechwa zikabaki punje za milimita tatu hadi tano, na vumbi lake likaoshwa, ni akadama ya Katanga. Ama waya, wenyewe Wajapani hupinda matawi kwa waya wa shaba, ambao huchomwa kwanza mpaka uwe mwekundu, ukaachwa upoe, ukawa laini kama uzi. Na kadiri unavyopindwa hukaza, ukalishika tawi. Kwa miti yenye gome laini kama momiji wengi hupendelea aluminiamu, nayo yote miwili huvuliwa mapema kabla haijakata alama. Hata hivyo mji uliozaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba hauhitaji kufunzwa shaba ikoje inapotoka motoni.

Muputu una shida zake, na si haki kuzificha. Jani lake ni kubwa, lenye jozi chache za vijani, na kupungua kwake huchukua miaka ya kunyofoa. Anayetaka jani dogo tangu mwanzo na atafute Brachystegia boehmii, ambayo vijani vyake ni vingi kama unyoya, au Brachystegia microphylla ya vilima vya mawe, ambayo vijani vyake ni vidogo sana. Shida ya pili ni kubwa zaidi, nayo imo chini ya ardhi. Mche wa muombo hujenga mizizi kwanza. Juu huonekana kijiti cha shubiri moja ambacho moto na ukame hukiua kila mwaka, na chini mzizi mkuu umekwisha kwenda mbali, ukiweka akiba mpaka siku ile shina litakapoweza kuushinda moto. Nilipojaribu mara ya kwanza, niliiacha miche saba katika makopo miezi kumi, nikaridhika na udogo wake, na nilipoipindua nikakuta kila mzizi umezunguka chini ya kopo mara nne. Niliikata mizizi yote kwa siku moja. Ndani ya juma moja miche yote ilikauka. Tangu hapo nakata ncha ya mzizi mkuu mche ukiwa na majani mawili tu, wakati jeraha ni dogo na umri ni wa kusamehe. La tatu ni kwamba mizizi ya miombo huishi kwa ubia na kuvu, ambao miongoni mwao ni uyoga ule tunaoununua njiani msimu wa mvua. Mche uliotengwa na kuvu wake hudhoofika, basi konzi mbili za udongo kutoka chini ya mti mama lazima ziingie katika sinia.

Na mti mama uko mbali zaidi kila mwaka. Alfajiri, katika njia zote zinazoingia Lubumbashi, twawaona vijana wakisukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makaa kuliko kimo chao, nao hawatoki karibu. Mji unapika kwa makaa, na matofali yake yanachomwa kwa kuni. Siwalaumu, kwa sababu chungu changu pia kiko juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Mtaalamu François Malaisse, aliyeichunguza miombo ya Luiswishi kwa miaka mingi na kuandika mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya msitu huu, alionyesha kwamba mle mnapatikana viwavi, uyoga, asali, matunda na mizizi, yaani nusu nzima ya soko letu. Muputu una tabia moja ya kumfariji anayetazama mabaki ya tanuri: kisiki chake huchipua, tena kwa nguvu, na machipukizi kumi yanayosimama juu ya kisiki kimoja, ya damu moja, yakiamka asubuhi moja, ni chelezo ambalo hakuna fundi aliyelilaza.

Anayetaka kuanza asing'oe mti wa porini, maana mzizi wake hautakubali. Na aende mwishoni mwa kiangazi, mchana jua likiwa kali, akasimame chini ya muputu mkubwa na kutulia. Maganda yake, bapa na magumu kama ubao, hupasuka yenyewe kwa joto, yakajiviringa, na mlio wake husikika kama kijiti kinachovunjwa. Mbegu hurushwa mbali, nyembamba, za kahawia, mviringo kama sarafu kuukuu. Aokote zile zisizotobolewa na wadudu, azilaze usiku mmoja katika maji, azipande ubavu katika kopo lenye punje za tofali na konzi ya udongo wa pale pale chini ya mti, na aokote za kutosha, ishirini au thelathini, kwani mwitu wa miti tisa huzaliwa na miche mingi kuliko tisa.